D'Agostino: Padri aliyetambua kuwa mkono mmoja haulei mwana

WAHENGA hawakukosea waliponena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo hutajwa kila mara katika sherehe na mikutano ya hadhara, lakini ni wachache walioiishi kama Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti kutoka Marekani aliyetumia miaka yake ya uzeeni jijini Nairobi akiwatafutia uhai watoto waliozaliwa na virusi vya Ukimwi.

Mnamo Septemba 1992, akiwa na umri wa miaka 66, wakati ambapo wengi wa rika lake walikuwa wameshastaafu, alifungua makao aliyoyapa jina Nyumbani. Makao hayo yalianza na watoto watatu. Alipoaga dunia Novemba 20, 2006, jina hilo lilikuwa limefahamika kutoka vijia vya Kangemi na Kawangware hadi ofisi za serikali katikati ya jiji, mahakamani na hata Vatican.

Kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili ni habari ya nyumba moja ambayo haikutosha. Upendo uliwapa watoto kitanda na chakula, lakini haukuweza kupima damu yao, kuwanunulia dawa wala kuwafungulia mlango wa darasa. Kwa kila hitaji, ilibidi padri huyo aende kubisha kwenye mlango wa mtu mwingine. Baadhi ya milango ilifunguliwa kwa ukarimu. Mingine ilifunguliwa baada ya kugombezwa.

DAKTARI KABLA YA KUWA PADRI

D'Agostino alizaliwa Januari 26, 1926 mjini Providence, katika jimbo la Rhode Island, kwenye familia ya wahamiaji wa Kiitaliano. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Tufts na kuhitimu mwaka 1949, kisha akajifunza upasuaji na kubobea katika maradhi ya njia ya mkojo. Mapema katika miaka ya 1950 alihudumu kama daktari katika jeshi la wanahewa la Marekani jijini Washington.

Mwaka 1955 aliipa kisogo njia hiyo iliyomwahidi fedha na heshima, akajiunga na Shirika la Wajesuiti. Hata hivyo, hakuutupa utabibu. Wakubwa wake walimruhusu kusomea magonjwa ya akili, na alipopewa daraja la upadri mwaka 1966 alikuwa miongoni mwa watu wachache mno waliounganisha kazi ya altare, kazi ya upasuaji na kazi ya kutibu nafsi za watu. Kwa miaka mingi alifundisha na kutibu wagonjwa jijini Washington.

Huenda angezeekea huko lau si uamuzi uliofanywa Roma. Mwishoni mwa mwaka 1980, Padri Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa Wajesuiti duniani, alianzisha huduma maalumu ya kuwasaidia wakimbizi. D'Agostino alijitolea. Alipelekwa kwanza Thailand, kulikokuwa na kambi za waliokimbia vita katika nchi jirani, na baadaye akaja Afrika kuiweka huduma hiyo kwenye misingi yake, Nairobi ikiwa kituo chake.

Hivyo ndivyo alivyoijua Kenya. Alirejea kwao kwa muda, lakini kabla ya muongo huo kuisha alikuwa amerudi tena Nairobi, na mara hii hakuondoka tena hadi kifo chake.

WATOTO WALIOKATALIWA

Nairobi aliyoikuta ilikuwa imeanza kuguswa na janga ambalo wengi hawakutaka kulitaja kwa jina. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini alitambuliwa mwaka 1984. Kwa miaka mingi baada ya hapo, maradhi hayo yalizungumziwa kwa kunong'ona, na familia zilizofiwa zilisema marehemu alikuwa na kifua kikuu au homa ya mapafu. Ni hadi Novemba 1999 ambapo Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa.

Walioumia kimyakimya zaidi walikuwa watoto wachanga. Baadhi yao waliachwa katika wodi za hospitali na mama waliokuwa wagonjwa au waliojawa na hofu. Wengine walibaki baada ya mama kufariki, na jamaa wakaogopa kuwagusa.

D'Agostino alikuwa mwanachama wa bodi ya makao mamoja makubwa ya watoto jijini. Watoto wa aina hii walipoanza kuletwa kwa wingi, aliwaomba wenzake watenge mahali pa kuwatunza. Wenzake hawakukubali. Kwa haki, walikuwa na hofu zilizoenea kote wakati huo: kwamba watoto wengine wangeambukizwa, wafadhili wangekimbia, na kwamba hapakuwa na maana ya kumlea mtoto ambaye angekufa tu.

Alipoona hoja yake haipiti, aliamua kuanzisha makao yake mwenyewe. Katika kazi hiyo aliungana na Sista Mary Owens, mtawa wa Loreto kutoka Ireland. Shirika la Loreto lilikuwa limejikita kwa miaka mingi katika elimu jijini, na shule yake ya Msongari, upande wa magharibi, ni mojawapo ya shule zinazojulikana sana nchini. Huo ulikuwa ushirikiano wa kwanza wa Nyumbani: padri mwenye ujuzi wa hospitali na mtawa aliyekuwa na uthabiti wa kuendesha mambo siku hadi siku.

KIPIMO KILICHOBADILI HUKUMU

Jambo moja la kitaalamu lilimpa D'Agostino tumaini ambalo wengi hawakuwa nalo. Kipimo cha kawaida cha Ukimwi hakitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda ili kupambana na virusi hivyo. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na kingamwili za mama yake. Kwa hiyo kipimo kinaweza kuonyesha kwamba ameambukizwa ilhali ni askari wa mama tu waliomo katika damu yake, nao huendelea kutoweka hadi afikishe takriban miezi 18.

Bila matibabu yoyote, hatari ya mama kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliokuwa wakitupwa kwa sababu ya damu yao hawakuwa na virusi hata kidogo. Walihukumiwa kwa kipimo ambacho kilikuwa kinamhusu mama.

Nyumbani iliwapokea, ikawalea na kuwapima tena. Waliothibitishwa kuwa hawajaambukizwa walitafutiwa familia za kuwachukua au makao mengine ya kawaida, na waliobainika kuwa na virusi walibaki. Kwa ajili hiyo makao yalikuja kuwa na maabara yake, iliyohudumia pia wagonjwa kutoka nje. Mfadhili aliyezoea kutoa blanketi na unga alipaswa kuelezwa kwa nini mashine ya kupima damu nayo ni chakula cha mtoto.

Makao yalijengwa Karen, mtaa wa mashamba mapana na ua ndefu magharibi mwa jiji. Hayakujengwa kama bweni moja kubwa. Watoto waligawanywa katika nyumba ndogondogo, kila moja ikiwa na mlezi wake, wakala mezani pamoja na kuitana ndugu.

Kwa daktari wa akili, mpango huo haukuwa wa urembo. Tangu mwaka 1951, Shirika la Afya Duniani lilipochapisha ripoti ya John Bowlby kuhusu malezi ya mama na afya ya akili, wataalamu walijua kwamba mtoto mchanga asiye na mlezi mmoja wa kumzoea hudhoofika hata akiwa ameshiba. Mtoto huhitaji sura moja inayorudi kila asubuhi, sauti anayoitambua na mtu wa kumlilia.

Hata hivyo, upendo na uji havikuweza kuushinda ugonjwa. Miongoni mwa watoto wanaozaliwa na virusi na kukosa dawa, takriban thuluthi moja hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na nusu kabla ya mwaka wa pili. Katika miaka ya 1990, mazishi yalikuwa sehemu ya maisha ya makao. Dawa mseto zilizowainua wagonjwa katika mataifa tajiri zilianza kutumika mwaka 1996, lakini bei yake ilipita uwezo wa nyumba ya mayatima Nairobi.

KUTOKA KAREN HADI KANGEMI

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo halikuweza kumalizwa kwa kuongeza vitanda. Makao ya Karen yaliweza kuwapa nafasi watoto takriban 100. Waliohitaji msaada jijini walikuwa maelfu, na wengi wao hawakuwa wametupwa. Walikuwa na mama mgonjwa, shangazi mwenye watoto wake wengine au nyanya aliyekuwa akiuza mboga kando ya barabara.

Kumtoa mtoto wa namna hiyo katika familia yake ili apate dawa kungekuwa kumwibia kitu kimoja na kumpa kingine. Basi mwaka 1998 Nyumbani ilianzisha mpango wa Lea Toto, uliokusudia kuupeleka msaada mlangoni pa mtoto badala ya kumleta mtoto kwenye msaada. Kangemi ilikuwa miongoni mwa mitaa ya mwanzo kufikiwa, kisha huduma ikaenea Kawangware, Dagoretti, Kibera na mitaa ya mashariki ya jiji.

Anayeifahamu Nairobi anajua jinsi mitaa hiyo ilivyo. Ukitoka Westlands kwa barabara ya Waiyaki, majumba ya kifahari yanakusindikiza hadi ghafla unaikuta Kangemi bondeni, mabati yakigusana. Kawangware nayo imepakana na Lavington, na mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka kwenye bustani zenye walinzi hadi kwenye chumba kimoja kinacholalwa na watu sita. Wajesuiti walikuwa tayari na parokia Kangemi, ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambayo Papa Francis aliizuru Novemba 2015.

Lea Toto ulitegemea watu wa mitaa yenyewe. Wahudumu wa kujitolea waliokuwa majirani wa wagonjwa ndio waliojua ni nyumba ipi ina mtoto anayeharisha kwa wiki tatu, na ni mama yupi aliyeacha kwenda kliniki kwa kuona haya. Waliwatembelea, wakawashawishi wapimwe, wakapeleka chakula na kufuatilia dawa. Walezi walipewa ushauri nasaha, na baadhi wakasaidiwa kuanzisha biashara ndogo ili mtoto asile msaada milele.

Fedha nyingi za mpango huo zilitoka kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, pamoja na marafiki wa Nyumbani katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo kitoto kimoja cha Kawangware kilikuwa kimebebwa na mikono mingi kwa wakati mmoja: jirani aliyebisha hodi, muuguzi wa kliniki, fundi wa maabara Karen, mtawa aliyesimamia hesabu na mlipa kodi wa ng'ambo. Mkono mmoja ukilegea, wengine walihisi uzito.

VITA VYA DAWA

Mwaka 2001 D'Agostino aliingia katika mgogoro uliompa sifa na maadui. Februari mwaka huo, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka dawa mseto za kupunguza makali ya Ukimwi kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka mzima. Dawa kama hizo kutoka kwa kampuni zilizozivumbua ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka katika nchi tajiri.

Kizuizi kilikuwa sheria ya hataza, inayompa mvumbuzi haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza alichokivumbua. Kuleta Kenya dawa zilizonakiliwa kungeweza kuonekana kuwa uvunjaji wa haki hiyo. Padri huyo alitangaza hadharani kwamba angeziagiza kutoka India kwa ajili ya watoto wake, na anayetaka kumshtaki na amshtaki.

Ilikuwa kauli ya mtu aliyejua kwamba hakuna kampuni ingefurahia kusimama mbele ya hakimu ikishindana na watoto mayatima. Lakini hakuwa peke yake. Muungano wa mashirika ya kijamii na ya kitabibu nchini ulikuwa ukilishinikiza Bunge libadilishe sheria. Afrika Kusini nako, kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali, kesi ambayo ziliiondoa Aprili 2001 baada ya kulaaniwa duniani kote.

Mwezi Juni 2001, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua njia ya kuagiza dawa za bei nafuu kutoka nje. Sifa za ushindi huo haziwezi kupewa mtu mmoja. Wabunge, mawakili, madaktari na wagonjwa wenyewe waliojitokeza hadharani walichangia. Mchango wa D'Agostino ulikuwa kuipa hoja ya kisheria sura ya mtoto, ili aliyesikia neno hataza asifikirie karatasi tu.

Dawa zilipoanza kupatikana, Nyumbani ilibadilika. Watoto waliotarajiwa kufa wakaanza kuongeza uzito, wakang'oka meno ya utotoni, wakaomba viatu vikubwa zaidi. Furaha hiyo ilizaa swali jipya ambalo miaka kumi nyuma hakuna aliyelitarajia: watoto hawa wataenda shule gani?

MLANGO WA DARASA

Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilianzisha elimu ya msingi bila malipo, na zaidi ya watoto milioni moja wa ziada wakaingia shuleni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikuwa tayari imetamka kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi na kwamba hafai kubaguliwa. Kwenye karatasi, hapakuwa na shaka.

Kwa watoto wa Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Shule za umma zilikataa kuwapokea, na makao yakaamini kwamba sababu ilikuwa hali yao ya afya. Barua na maombi hayakufua dafu. Shule za msingi za jiji zilikuwa chini ya Baraza la Jiji lenye makao City Hall, na sera ilitoka Wizara ya Elimu katika jumba la Jogoo. Kati ya majumba hayo mawili yanayokaribiana, mtoto wa Karen hakupata wa kumjibu.

Nyumbani ilielekea mahakamani. Kesi hiyo ilizua mjadala mkubwa katika magazeti na redio, baadhi ya wazazi wakieleza hofu kwamba watoto wao wangeambukizwa uwanjani, na madaktari wakifafanua kwamba virusi haviambukizwi kwa kukaa dawati moja. Januari 2004 pande husika ziliafikiana kabla ya hukumu, na watoto hao wakakubaliwa katika shule za umma.

Mtu anaweza kujiuliza kama huo ulikuwa ushirikiano au ugomvi. Jibu la maisha ya D'Agostino ni kwamba mara nyingine mshirika anayesinzia huamshwa kwa kesi. Hakuishtaki serikali ili kuachana nayo. Aliishtaki kwa kuwa aliamini kwamba mtoto aliye katika makao ya kanisa bado ni mtoto wa serikali, na kwamba hisani haipaswi kuwa kisingizio cha taifa kujitoa katika wajibu wake.

Mwezi huohuo alikuwa Vatican, katika kikao cha waandishi wa habari cha kutangaza ujumbe wa Kwaresima wa Papa Yohane Paulo wa Pili, ambao mwaka huo ulihusu watoto. Huko alizishutumu vikali kampuni kubwa za dawa kwa kuweka faida mbele ya uhai wa Waafrika. Wapo waliomwona kuwa mkali kupita kiasi kwa mtu aliyehitaji hisani ya matajiri. Alikuwa amewazika watoto, na hakuona sababu ya kupunguza sauti.

NYANYA NA WAJUKUU

Kazi yake ya mwisho ilimtoa Nairobi. Ukimwi ulikuwa umewachukua wazazi na kuacha ncha mbili za ukoo: wazee wasio na watoto wa kuwatunza na wajukuu wasio na wazazi. D'Agostino aliwaza kuziunganisha ncha hizo mahali pamoja. Baraza la wilaya ya Kitui lilikubali kutoa ekari takriban 1,000, na mwaka 2006 familia za kwanza zikaingia katika Kijiji cha Nyumbani, ambako nyanya au babu mmoja huwalea wajukuu wake pamoja na mayatima wengine katika nyumba moja yenye shamba.

Hapo pia mkono mmoja usingetosha. Wenyeji walitoa ardhi kupitia baraza lao, wafadhili wakajenga, wazee wakatoa malezi na lugha ya nyumbani, na shule ikawekwa hapohapo. D'Agostino aliuona mwanzo tu. Novemba 20, 2006 alifariki jijini Nairobi akiwa na umri wa miaka 80. Sista Mary Owens ndiye aliyeendeleza uongozi wa kazi hiyo.

Mwaka aliofariki ndio mwaka ambao serikali iliondoa ada ya dawa za kupunguza makali katika hospitali za umma, na ndio mwaka ambao Kenya ilipata mwongozo wa sera ya kitaifa kuhusu makuzi ya watoto wadogo, uliotaka wizara za afya, elimu na nyinginezo zifanye kazi pamoja. Katiba ya mwaka 2010 iliongeza nguvu: kifungu cha 53 kinamhakikishia kila mtoto elimu ya msingi, lishe, makao na huduma ya afya, huku shule za chekechea na sehemu kubwa ya huduma za afya zikikabidhiwa kaunti.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia yalizindua mwongozo unaosema kwamba afya njema, lishe, usalama, malezi yenye kuitikia mahitaji ya mtoto na nafasi ya kujifunza mapema haviwezi kutenganishwa. Padri wa Karen alikuwa ameyafikia hayo kwa njia ndefu zaidi, kila hatua ikimwonyesha kwamba ile iliyotangulia haikutosha.

DENI LILILOBAKI

Si kila alichokijenga kilikuwa imara. Sehemu kubwa ya kazi yake ilisimama juu ya fedha za nje, na hatari yake ilionekana wazi mapema mwaka 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni na baadaye kuivunja USAID. Nyumbani ilikuwa miongoni mwa taasisi za Kenya zilizotikiswa. Dawa ambazo D'Agostino alizipigania zikawa tena jambo la kuhesabiwa kwa wasiwasi, safari hii na vijana wanaoelewa maana ya kuzikosa.

Hapo ndipo maisha yake yanapogeuka kuwa swali kwa walio hai. Alitumia miaka 14 kuithibitishia Kenya kwamba mtoto mwenye virusi anaweza kukua, kusoma na kuwa mtu mzima. Alizileta pamoja kanisa, maabara, mitaa, mahakama na mataifa ya mbali. Mkono ambao hakufaulu kuufanya ushike sehemu kubwa ya mzigo ni ule wa hazina ya taifa na ya jiji lenyewe.

Ukimwi umepungua makali, na mama mjamzito anayepata dawa mapema ana nafasi kubwa ya kumzaa mtoto asiye na virusi. Lakini Kangemi bado ina nyanya anayeuza mboga huku akimlea mjukuu mchanga, na kliniki ya mtaa bado haina uhakika wa dawa za mwezi ujao. Mtoto huyo hana habari za wizara wala kaunti, wala za wahisani. Yeye hungoja mikono imfikie, na utoto wake hauwezi kusubiri bajeti ya mwaka ujao.